Chama cha Rotary na Vita vya Kuondoa Ugonjwa wa Kupooza

Katika nchi yetu ya pwani, tokea Horohoro mpakani hata Tanga mjini, hakuna mtu asiyejua maana ya kusaidiana. Mtu akifiwa, majirani huja kukaa matanga, na chama cha kufa na kuzikana hutoa sanda na chakula. Wanawake hucheza upatu, kila mmoja akipokea kwa zamu yake. Njia ya kijiji ikiharibika, mbiu hupigwa na watu hutoka kwa msaragambo. Msaada wa namna hii ni mwema sana, wala hatuutii ila. Walakini mtu akiutazama vema ataona kwamba una mpaka wake: asaidiwaye ni yule aliyemo chamani, au jamaa yake, au mtu wa kijiji kile kile, na aliyetoa leo hutumaini kupokea kesho.

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za vyama vya namna nyingine, ambavyo wanachama wake hutoa mali yao na nafasi yao kwa ajili ya watu wasiowajua, na ambao hawatawalipa kamwe. Vyama hivyo ni vingi. Kiko cha Lions, kilichoanzishwa mwaka 1917, ambacho tangu mwaka 1925, alipokisihi Bibi Helen Keller aliyekuwa kipofu na kiziwi, kimeshughulika sana na macho ya watu. Hospitali yake ya macho iko Nairobi hata leo. Lakini sisi tutashika kimoja tu, kiitwacho Rotary, na katika kazi zake tutashika moja, yaani kuondoa ugonjwa wa kupooza, ambao wengi huuita polio. Tumeichagua kazi hiyo kwa kuwa yawahusu mno watu wakaao mpakani.

Rotary ilianzishwa tarehe 23 Februari 1905 katika mji wa Chicago, nchi ya Marekani. Mwanzilishi wake alikuwa mwanasheria, Bwana Paul Harris, mtu aliyelelewa shamba na babu na bibi yake. Alipohamia mji mkubwa aliona upweke, maana maelfu ya watu walipishana njiani bila ya kuamkiana. Akawakusanya rafiki zake watatu, mmoja muuza makaa ya mawe, mmoja mjuzi wa machimbo ya madini, na mmoja mshona nguo. Wakakutana katika ofisi ya mmoja wao, kisha mkutano ukawa unahama kwa zamu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Ndipo likapatikana jina la Rotary, maana yake kitu kizungukacho.

Na tuseme kweli. Hapo mwanzo chama hiki hakikuwa na habari ya kuwasaidia wenye shida. Wanachama walitaka urafiki, na tena walitaka biashara: mshona nguo alinunua makaa kwa muuza makaa, na muuza makaa akashonewa suti na mshona nguo. Lau kama wangaliendelea hivyo, leo tusingekuwa na neno la kuandika juu yao. Mwaka 1906 alikaribishwa mwanasheria mwingine, Bwana Donald Carter, ajiunge nao. Akauliza chama chafanya nini, akaambiwa. Naye akakataa kuingia, akisema kwamba chama kisichowafaa watu walio nje yake hakina maisha marefu. Wenzake hawakukasirika, bali walimwomba aingie alete shauri hilo ndani. Kwa maoni yetu, siku ile aliyokataa mtu huyo ndiyo siku chama kilipozaliwa hasa.

Kazi yao ya kwanza kwa ajili ya mji mzima ilikuwa kujenga choo. Msomaji asicheke. Katika Chicago ya siku zile mtu aliyeshikwa na haja akiwa mjini hakuwa na pa kwenda ila kuingia kilabu cha pombe au duka kubwa, na akiisha kuingia huona haya kutoka bila ya kununua kitu. Basi tangu mwaka 1907 wana-Rotary walisimama na wengine kulitaka baraza la mji lijenge vyoo vya watu wote, na wenye vilabu na wenye maduka wakawapinga. Vyoo vikajengwa. Tumeitaja habari hii kwa makusudi, maana mbele kidogo tutarudi chooni.

Fedha nazo zilianza kwa uchache. Mwaka 1917 mkuu wa chama, Bwana Arch Klumph, alitoa shauri kwamba liwekwe fungu la akiba kwa ajili ya kutenda mema ulimwenguni, na mwaka uliofuata likapata kipawa chake cha kwanza: dola 26 na senti 50. Fungu hilo leo hutoa fedha nyingi kila mwaka kwa visima, shule na hospitali. Wanachama sasa ni kama milioni 1.2 katika nchi nyingi. Chama si cha dini wala si cha siasa. Wanawake hawakukubaliwa kuwa wanachama mahali pote ila tangu mwaka 1989, jambo ambalo kwa kweli lilichelewa mno.

Katika Afrika ya Mashariki, Nairobi ilipata chama chake mwaka 1930, na Dar es Salaam mwaka 1949. Siku hizo mwanakijiji hakujua habari zake, wala wenyewe hawakumkaribisha. Baadaye mambo yakageuka, hata mwaka 2003 Mwafrika wa kwanza, Bwana Jonathan Majiyagbe wa Nigeria, akawa mkuu wa Rotary ya dunia nzima. Na Bwana Sam Owori wa Uganda alikuwa amekwisha chaguliwa kushika cheo hicho hicho, lakini mauti yalimkuta mwaka 2017 kabla ya zamu yake. Huko Uganda wanachama wamekuwa wakiwakusanya watu maelfu kukimbia mbio kila mwaka tangu 2012, ili zipatikane fedha za kuwatibu wagonjwa wa saratani. Tanga mjini pia chama kiko. Wapo wasemao kwamba watu hawa ni wa kula chakula hotelini na kupiga picha. Huenda wamo wa namna hiyo, kama walivyomo katika kila chama. Lakini haifai kuupima mti kwa majani yake makavu.

Sasa tuje kwenye polio. Ugonjwa huu huletwa na kijidudu kidogo mno, kiitwacho kirusi, kisichoonekana kwa macho. Huingia kwa kinywa, hukaa matumboni na kuzaana humo, kisha hutoka pamoja na choo cha mtu. Choo kikiachwa vichakani, mvua hukipeleka kisimani. Mikono isiyonawiwa hukichukua hata kwenye chakula. Na mtoto mwingine hukila asijue. Hasa huwapata watoto wasiotimiza miaka 5. Walio wengi hawaonyeshi dalili yo yote, ama huona homa kidogo tu. Lakini katika kila watoto 200 waingiwao na kirusi, mmoja hushambuliwa mishipa ya fahamu, na kwa muda wa saa chache tu mguu uliokuwa ukikimbia jana hulegea kama kamba. Mguu huo haurudi tena. Wengine hupooza hata misuli ya kuvuta pumzi, wakafa. Dawa ya kuuponya ugonjwa huu haijapatikana mpaka leo. Kinga ndiyo iliyopatikana: sindano tangu mwaka 1955, na baada ya miaka michache matone ya kinywani, yaliyotengenezwa na Daktari Albert Sabin.

Zingatieni jambo moja hapa. Ikiwa mtoto mmoja amepooza, maana yake ni kwamba wengine kama 200 wanakitembeza kirusi hicho huku wakicheza na kucheka. Kwa hiyo kumngoja mgonjwa aonekane ndipo watu waanze kushughulika ni kuchelewa.

Mwaka 1979 Rotary ilianza kuwachanja watoto wa Ufilipino, watoto yapata milioni 6. Kazi ile ikafaulu, na mwaka 1985 chama kikaazimia jambo lililoonekana kuwa ndoto: kuchangia chanjo ya polio kwa watoto wa dunia nzima. Waliazimia kukusanya dola milioni 120; hata ulipofika mwaka 1988 walikuwa wamekusanya milioni 247. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani, UNICEF na idara ya afya ya Marekani wakaungana nao, na serikali za nchi zote zikakubali. Wakati ule polio ilikuwa katika nchi 125, na kila mwaka watoto 350,000 walipooza. Mwaka 2021 waliopooza kwa kirusi cha asili duniani kote walikuwa 6 tu.

Sisi twaona siri ya kazi hii haikuwa fedha peke yake. Vyama vingi hutoa leo blanketi, kesho madawati, na keshokutwa vimesahau vyote viwili. Hawa walichagua jambo moja wakalishika zaidi ya miaka 40, wengine wakazeeka na kufa katika kazi hiyo hiyo, wala hawakutaka kuifanya peke yao. Wauguzi ni wa serikali. Wapitao nyumba kwa nyumba ni vijana wa kijiji. Mwana-Rotary huchanga, huwasihi wakubwa wasilegee, na siku ya chanjo huenda akaonekana amebeba sanduku la barafu. Sanduku hilo lina kazi kubwa, kwa kuwa matone yakipata joto huharibika, na joto la pwani yetu twalijua.

Tarehe 25 Agosti 2020 ilitangazwa kwamba bara la Afrika limetoka katika polio ya asili. Tanzania yenyewe haikumwona mgonjwa wa polio hiyo tangu mwaka 1996. Wengi wakadhani mambo yamekwisha. Kumbe mwezi wa Februari 2022 Malawi ilitangaza mtoto aliyepooza mjini Lilongwe, na kirusi kilipochunguzwa kikaonekana kuwa jamaa ya kile cha Pakistan, ng'ambo ya bahari. Baadaye kikaonekana Msumbiji. Serikali ya Tanzania ikawachanja watoto wa mikoa iliyo karibu na Malawi, kisha wa nchi nzima. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba hatari ile ya Malawi na Msumbiji imezimwa. Lakini mwaka huo huo Pakistan na Afghanistan walipooza watu karibu 100.

Kirusi kilichosafiri kutoka Pakistan hata Malawi hakitashindwa na mpaka wa Horohoro. Kutoka Tanga hata hapo ni kilometa 65 za lami, na ukivuka ni Lunga Lunga, kisha njia ya Mombasa. Wadigo wa huku na Wadigo wa huko ni ndugu. Huozana, huzikana, huuziana samaki na mahindi, na mama aendaye arusini upande wa pili humbeba mtoto mgongoni. Afisa wa forodha huweza kupekua mizigo yote asikione kirusi kilicho tumboni mwa mtoto. Mwaka 2013 watu 14 walipooza huko Kenya, upande wa kaskazini mashariki, kwa kirusi kilichopita Somalia. Kwa hiyo upande mmoja wa mpaka ukichanja na wa pili usichanje, ni kama watu wawili katika mtumbwi mmoja, huyu akiteka maji na yule ametulia.

Wazazi wengine huuliza, "Mtoto wangu amekwisha pata matone kwa zahanati, ya nini kumpa tena?" Swali ni la haki. Mtoto hupewa matone azaliwapo, kisha majuma ya 6, 10 na 14, na hupewa sindano pia. Lakini yako matumbo ambayo kinga haiyashiki vema mara ya kwanza wala ya pili. Na siku watoto wote wapewapo pamoja, kirusi hakipati mahali pa kulala. Kuzidisha hakumdhuru mtoto. Wengine huona shaka kwa kuwa ni bure. Nao twawajibu kwamba bure hiyo imelipiwa, na sehemu yake imelipwa na watu waliokimbia mbio na kuuza keki katika miji ambayo hatutaiona.

Yako pia maneno yasemwayo kwamba matone yenyewe huweza kuleta polio. Hatutayaficha. Kirusi kilichomo katika matone kimedhoofishwa. Lakini mahali penye watoto wengi wasiochanjwa huweza kupita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule kwa muda mrefu, hata kikapata nguvu tena. Jambo hilo lilitokea mkoani Rukwa mwaka 2023, mtoto mmoja akapooza. Dawa yake si kukataa matone. Penye watoto wote waliochanjwa kirusi hicho hakina pa kupita.

Limebaki la kufanya nyumbani. Mtoto aliye chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafula, bila ya kuanguka wala kuumizwa, asipelekwe kukandwa kwanza, wala isisemwe amepigwa na shetani; apelekwe zahanati siku ile ile. Muuguzi atataka choo chake mara mbili, kwa nafasi ya siku moja baina yake, kabla ya siku 14 kupita. Choo hicho hutiwa katika kikopo, kikopo hutiwa katika barafu, na barafu husafiri hata maabara ya Entebbe, nchini Uganda, ambako wataalamu hutazama kama kirusi kimo ama hakimo. Mama asione haya kukitoa.