Mustang: Wilaya Kubwa, Watu Wachache

Wilaya ya Mustang iko kaskazini mwa Nepal, mpakani na Tibet. Ina eneo la kilomita za mraba 3,573, yaani ni kubwa kuliko Unguja na Pemba zikiunganishwa. Katika sensa ya 2022 Zanzibar ilikuwa na watu karibu milioni 1.9. Mustang, katika sensa ya Nepal ya 2021, ilikuwa na watu 14,452. Tulipogawanya tulipata watu wanne kwa kila kilomita ya mraba. Mmoja wetu aliirudia hesabu hiyo mara mbili, na jibu likawa lilelile.

Jibu la haraka ni kwamba milima imewazuia watu, na milima ipo kweli. Mto Kali Gandaki unapita katikati ya Dhaulagiri, wenye mita 8,167, na Annapurna, wenye mita 8,091. Mji wa Lo Manthang, upande wa kaskazini wa wilaya, upo zaidi ya mita 3,800 kutoka usawa wa bahari. Waliowahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wakumbuke Horombo, pale wageni wengi wanapoanza kuumwa na kichwa. Lo Manthang iko juu kidogo ya hapo. Lakini watu wa Lo wamejenga mji, wakauzungushia ukuta, na wamelea watoto humo kwa karne nyingi. Kwa hiyo mwinuko peke yake hautoshi kueleza.

Sababu kubwa zaidi ni maji. Mawingu ya mvua hutoka kusini, hugonga milima hiyo na kumwaga karibu yote upande huo. Lumle, kusini ya Annapurna, hupata zaidi ya milimita 5,000 za mvua kwa mwaka. Mustang ya juu, nyuma ya milima ileile, haifikishi 300. Ardhi ni ya kahawia na nyekundu, na kijiji ni kipande cha kijani mahali ambapo kijito cha theluji iliyoyeyuka kinashuka. (Nyumbani kwetu wengi tunaita theluji na barafu kwa jina moja, huko huwezi kuishi bila kuzitofautisha.) Maji huongozwa kwa mifereji na kugawiwa kwa zamu, na pale yanapoishia ndipo shamba la shayiri linapoishia.

Ndiyo maana zamani huko Lo ndugu wa kiume waliweza kuoa mke mmoja kwa pamoja, na kijana mmoja wa nyumba akapelekwa kuwa mtawa. Darasani baadhi yetu walicheka. Lakini shamba lisilogawanywa hulisha nyumba moja, na lililogawanywa mara tatu halilishi hata moja.

Sasa vijito vyenyewe vimeanza kushindwa. Watu wa kijiji cha Samdzong walilazimika kuhama kwa kukosa maji, wakajenga upya mahali panapoitwa Namashung. Wa kijiji cha Dhe nao walianza safari ya namna hiyo. Na mvua inapokuja, huja vibaya: Agosti 2023 mafuriko yaliingia Kagbeni na kubomoa nyumba. Nyumba za huko zina paa bapa za udongo, zilizojengwa kwa ajili ya nchi kavu.

Ukitazama sensa tu, hutaona msukosuko wowote. Mwaka 2001 walihesabiwa watu 14,981, mwaka 2011 wakawa 13,452, kisha wakapanda tena kidogo. Sisi hatuiamini sana picha hiyo ya utulivu. Nepal nzima ina wanawake wengi kuliko wanaume, lakini Mustang wanaume ndio wengi, kwa kuwa askari, watumishi wa serikali na vibarua hutoka wilaya nyingine. Tena sensa ya 2021 ilifanyika Novemba, wakati baridi imeshaanza na watu wa juu wengi huteremka kwenda kufanya biashara nchi za chini, wengine hadi India kuuza sweta.

Wengine wameenda mbali zaidi. New York kuna jamii kubwa ya watu wa Mustang, na watoto wengi waliobaki Nepal hupelekwa shule za bweni Kathmandu wakiwa wadogo, wakasome kwa Kinepali na Kiingereza. Hapo tulijiona sisi wenyewe. Wanaklabu wengi tunamwelewa bibi akisema, kisha tunamjibu kwa Kiingereza, na Kiswahili tunakuja kukilipia ada chuoni.

Kijijini kazi zinaendelea. Mifereji lazima isafishwe kabla ya kupanda, na kila nyumba hutakiwa kutoa mtu. Nyumba iliyofungwa haina wa kumtoa, kwa hiyo mzigo huwaangukia waliobaki, au walio ng'ambo hutuma fedha ili aajiriwe kibarua. Kibarua huyo ametoka wilaya nyingine, na akikutwa huko siku ya sensa, yeye ndiye anayeandikwa.