Utepe wa njumu kwenye meza ya grevilea

Wakazi wengi wa Kigali wanaotafuta kitanda, kabati au meza huelekea Agakiriro ka Gisozi, soko la samani na useremala wilayani Gasabo. Anayetaka meza ya kipekee isiyojaa nakshi za kuchongwa anaweza kumwomba seremala amtilie utepe wa njumu. Huo ni ukanda mwembamba wa mbao za rangi mbalimbali, unaolazwa ndani ya mfereji pembezoni mwa meza na kusawazishwa nayo.

Kutia njumu ni ufundi wa zamani Afrika Mashariki. Katika karne ya 19, mafundi wa Siyu na Lamu walipamba viti vya enzi vya mpingo kwa vipande vya pembe za ndovu na mifupa. Rwanda nayo ina michoro inayofaa kazi hii: imigongo ya wilaya ya Kirehe, inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe juu ya ubao, imejaa pembetatu na mistari ya mshazari yenye rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu.

Kwa mbao, wekundu hupatikana kwenye grevilea, mti unaopandwa sana mashambani, na weupe kwenye msaiprasi. Mpingo ni ghali, kwa hiyo weusi unaweza kutengenezwa: misumari yenye kutu huloweshwa kwenye siki siku kadhaa, ubao hupakwa chai kali ya rangi, kisha maji yale ya misumari. Tanini ya chai na chuma hukutana, ubao ukageuka mweusi.

Fundi hakati pembetatu moja moja. Huunganisha kwa gundi fito nyeusi na nyeupe kwa zamu hadi zikawa ubao mmoja, akaukata kwa mshazari wa nyuzi 45, kisha akageuza kila kipande cha pili na kuviunganisha upya. Zigizaga imetokea. Huibana katikati ya mbao mbili nyembamba, na bonge hilo akalipasua kuwa tepe zenye unene wa milimita 1 au 2, zote za mchoro mmoja.

Mfereji huchimbwa kwa mashine ya ruta, kina chake kikiwa pungufu kidogo ya unene wa utepe. Gundi nyeupe hupakwa mferejini, tena kidogo tu, kwa sababu maji yake huvimbisha utepe hadi ukakataa kuingia. Kwenye pembe za meza, tepe mbili hukatwa nyuzi 45 na kupangwa ili michoro ikutane.

Gundi ikishakauka, utepe ulioinuka haupigwi msasa moja kwa moja. Vumbi jeusi litajipenyeza kwenye vinyweleo vya mbao nyeupe na kuichafua. Bamba la chuma lenye makali huukwangua utepe hadi usawa, vanishi nyepesi ikatangulia, ndipo msasa laini ufuate.

Hatari kubwa huja baadaye. Ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana, ilhali kwa urefu haubadiliki sana. Meza iliyoundwa Julai, wakati wa kiangazi, inaweza kuongezeka upana kwa milimita kadhaa mvua za Aprili zikichanganya, na utepe uliopita kukatisha nyuzinyuzi za ubao ukafumuka pembeni. Mbao zilizokaushwa hadi unyevu wa karibu asilimia 12 hupunguza tatizo hilo. Kwa meza pana, iliyo salama zaidi ni plaiwudi iliyobandikwa ganda jembamba la mbao ya grevilea, kwa kuwa tabaka zake zinazopishana huzuia mtanuko.