Vitabu Vilivyosomwa Wakati wa Kaskazi

Mwezi wa Desemba, shule zikiisha kufungwa na jua la kaskazi likiwa kali, nyumba nyingi hapa pwani hukaa kimya tangu adhuhuri hata alasiri. Ndipo maktaba ya mji wetu ipatapo wageni wengi kuliko miezi mingine. Katika likizo iliyopita, bibi mtunza maktaba aliweka daftari mezani, akamwomba kila mtu aliyerudisha kitabu aandike maneno machache: kimemfaa au hakikumfaa, na kwa sababu gani. Tulipewa ruhusa ya kulisoma daftari lile, tena tukazungumza na baadhi ya walioandika. Twawaletea habari zao, ila majina yao tumeyaacha.

Kitabu cha kwanza ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, cha Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 akafariki mwaka 1962. Mzee mmoja, fundi seremala, alikisoma mara mbili. Aliandika kwamba sehemu iliyomgusa sana ni ile ya kufiwa na mke wake, Amina, maana yeye naye ni mjane. "Sikujua," asema, "kwamba mwanamume aweza kuandika huzuni yake wazi namna ile asione haya." Walakini kijana wa sekondari aliyekisoma baada yake hakupendezwa. Alisema maneno yake ni mazito, na mashairi yake yamtaka mtu awe na kamusi karibu. Mzee alipoyasoma hayo alicheka, akaandika chini yake: "Mwanangu, kisome tena ukiwa na miaka hamsini."

Kitabu cha pili ni kirefu mno, nacho ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, cha Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe. Alikiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha yeye mwenyewe akakifasiri kwa Kiswahili. Kilichapwa mwaka 1980, na mwaka uliofuata mwandishi akafariki. Basi kitabu kile kilingoja miaka thelathini na mitano kabla ya kutoka. Habari yake ni ya mume na mke wapendanao, lakini hawana mtoto, na ndugu za mume wamtukana mke kwa ajili hiyo hata wazazi wake waja kumchukua. Mume hakubali kuoa mwingine. Aenda ukweni kumtaka mkewe tena.

Wasomaji walihitilafiana. Mwalimu mmoja alilalamika kwamba mwandishi husimama kila mahali kueleza uvuvi, kilimo, dawa na desturi za kupokea wageni, hata hadithi ikachelewa. Bali mama mmoja, aliyeolewa miaka tisa asipate mtoto, alisema kwamba hakuona kuchelewa kokote. Yeye na mumewe walisoma kurasa chache kila usiku, kwa zamu. Tulipomwuliza kimemfaa nini, alikaa kimya kidogo, kisha akajibu: "Mume wangu alifika mahali pale Myombekere anapokwenda kumtafuta mkewe, akafunga kitabu, akaniambia, Nami ningekwenda. Hajapata kuniambia neno hilo."

Kitabu cha tatu ndicho kilicholeta maneno mengi. Ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, naye pia mtu wa Ukerewe, kilichotoka mwaka 1971. Kwa muda kilikatazwa mashuleni, maana chasema wazi habari za msichana aliyepotea alipokwenda shule, na mwisho wake ni kujiua. Baba mmoja, mtu anayeheshimiwa katika mtaa wake, alikikuta mikononi mwa binti yake wa miaka kumi na saba. Alikinyang'anya, akaja nacho maktaba kwa hasira.

"Bibi, nani amempa mtoto wangu kitabu hiki?"

"Ni mimi, baba. Je, umekisoma?"

"Sikukisoma, wala sina haja. Nimesikia habari zake."

"Basi nakuomba kichukue wewe kwanza, siku saba. Ukirudi ukisema hakifai, nitakusikiliza."

Alirudi siku ya nne. Katika daftari aliandika kwamba alitazamia kusoma habari za msichana mpotevu, kumbe alisoma zaidi habari za baba, yaani Zakaria, mlevi na mkali, asiyejua kusema na watoto wake ila kwa ukali. "Mimi sinywi," aliandika, "walakini niingiapo nyumbani kwangu mazungumzo hukoma. Nilikuwa nikidhani hiyo ni heshima."

Kisha alimrudishia binti yake kitabu, akasema akimalize pamoja na mama yake, na baadaye wazungumze wote watatu. Binti naye aliandika, tena hakukubaliana na baba yake: "Baba asema kosa lote ni la Zakaria. Mimi naona Rosa naye alikuwa na akili, akachagua vibaya. Tulibishana hata taa ikazimwa. Sikuzoea kuulizwa maoni yangu."

Tusiwafiche kwamba wako wengine wasioridhika. Mama mmoja mwalimu ashikilia kwamba kitabu hiki kisipewe watoto wa shule ya msingi, na sisi twaona neno lake ni la haki. Kila chakula kina umri wake. Lakini yeye alisema hivyo baada ya kukisoma hata mwisho, wala si kwa uvumi, na kwa hiyo neno lake lina uzito.

Katika kurasa zote za daftari lile, hatukuona watu wawili waliosoma kitabu kimoja wakasema neno moja. Wala si hasara. Mzee na kijana, mume na mke, baba na binti, kila wawili walipata jambo la kuzungumza ambalo hapo kwanza halikuwa na mlango.

Basi, wenye nyumba na walimu, likizo ijayo azimeni kitabu kimoja kwa nyumba nzima. Mkikimaliza, mwanzeni kumwuliza maoni yake yule aliye mdogo kuliko wote, na wakubwa wanyamaze mpaka amalize kusema.