Mama wa Masala Kulangwa

Wasomaji wa riwaya za kifalme, zile zenye mazimwi, hirizi, viti vya enzi na bibi mmoja anayepita katikati ya mahasidi kwa akili yake peke yake, aghalabu hudhani kuwa hekaya za namna hiyo hazina budi kutoka ng'ambo. Ilhali Wasukuma wa Shinyanga na Geita wamesimuliana ya kwao tangu zama ambazo dhahabu ya nchi hiyo ilikuwa bado haijawavuta wageni.

Zimwi Shing'weng'we, wasema wasimulizi, lilimeza watu wote wa dunia pamoja na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha ndani ya lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, yaani mwerevu afahamuye upesi. Kijana alipopata akili akauliza walikokwenda watu wengine, naye mama hakumficha. Basi akatoka kulisaka zimwi, akarudi akiimba kwamba ameliua, kumbe mkononi ana panzi. Mama akamwambia kwa upole kwamba huyo ni panzi tu, na wamchome wamle. Siku nyingine akaleta ndege, nyingine paa, na jawabu likawa lile lile, hata ilipowadia siku alipokutana na Shing'weng'we mwenyewe, akamuua, akampasua, wakatoka watu wote, baba yake akiwamo.

Sifa zote hupewa kijana. Mimi, kwa upande wangu, namwona mama ndiye mwanasiasa wa hadithi hii, kwa sababu kila amleaye mtawala hukabiliwa na vishawishi viwili, kumsifu kabla hajastahili na kumdhihaki anapokosea, na mwanamke huyu aliviepuka vyote viwili mbele ya panzi wa kuchoma.

Fitina yenyewe inaanza baada ya ushindi. Kisu kilipokuwa kikilipasua zimwi kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani, naye, badala ya kushukuru kwa kuokolewa, akaghadhibika na kutaka kumroga mwokozi wake. Masala Kulangwa alizungukwa na walinzi hodari, wala hila za bibi hazikumpata, lakini hakumuua. Alitafuta dawa, akamponya sikio. Hapo ndipo watu walipomkalisha katika kiti cha utemi, na mama yake akawa malkia mama. Kwangu mimi mkasa huu wa sikio unalizidi pigano lote la zimwi, maana katika mikoa hii hii vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, macho yao yaliyowiva kwa moshi wa jikoni yakifanywa ushahidi, na nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna shamba ambalo mtu analitamani.

Wala cheo cha mama huyo si pambo la msimulizi. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya Kiingereza, aliandika mwaka 1951 kitabu kizima juu ya mazishi, uteuzi na utawazo wa mtemi wa Kisukuma. Ijapokuwa katika nyumba za raia urithi ulifuata baba, utemi kwa desturi ya kale ulifuata tumbo la mwanamke wa ukoo wa enzi: aliyerithi ni mtoto wa dada yake mtemi, si mwanawe wa kumzaa, na wenye kumteua ni wazee waitwao banang'oma. Mke wa mtemi, hata apendwe vipi, alijua kwamba wanawe hawakitarajii kiti. Wifi yake, aliyeingia na kutoka katika ua ule ule, alijua kwamba wanawe yeye wanakitarajia. Ongeza ukame, maana mtemi alidaiwa mvua, na mvua ikikatika aliweza kuondolewa. Sema basi, ni riwaya gani ya ng'ambo iliyo na njama nono kuliko hizo?

Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na njama hizo zingali zinamngoja mwandishi. Kalamu nazo hazikukosekana kandokando ya Ziwa Viktoria: Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha riwaya yake ndefu ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, nayo ikachapwa kwa Kiswahili mwaka 1980, lakini yeye alishughulika na unyumba, si enzi. Atakayemwandikia mama wa Masala Kulangwa riwaya yake asikawie sana kwenye zimwi. Akae kwenye usiku ule ambao walinzi, bila shaka, walitaka kichwa cha bibi kizee, na mtu fulani ndani ya nyumba akamshauri kijana atafute dawa. Hadithi haimtaji mshauri huyo.