Mswada Mezani: Warsha za Waandishi na Zana Zao

Warsha ya waandishi ni mkutano wa kazi ambapo watu wachache, aghalabu kati ya wanane na kumi na watano, hukaa na miswada yao wenyewe na kuichambua mmoja baada ya mwingine. Kuwapo kwa mswada mezani ndiko kunakoitofautisha na semina. Kwenye semina mtoa mada huzungumza, washiriki wakaandika. Kwenye warsha mshiriki huja na kurasa alizokwisha kuandika, wenzake huwa wamezisoma siku kadhaa kabla, na mazungumzo yote huzunguka kurasa hizo. Mengi yanayoitwa warsha katika miji ya Afrika Mashariki kwa kweli ni semina: kuna mgeni rasmi, kuna slaidi, kuna chai ya saa nne na karatasi ya kusaini posho, ila hakuna hata ukurasa mmoja wa mshiriki uliosomwa. Mtu anaweza kuhudhuria kumi za namna hiyo na aya zake zikabaki vilevile.

Mfumo unaoigwa zaidi duniani ulianzia Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1936, chini ya Wilbur Schramm, ukakuzwa na Paul Engle aliyeuongoza tangu 1941. Kanuni inayohusishwa nao kuliko nyingine zote ni ya ukimya: mwenye mswada hasemi wakati wenzake wanaujadili. Sababu yake ni ya kivitendo. Msomaji atakayenunua kitabu Kigoma au Lamu hatakuwa na mwandishi pembeni wa kumfafanulia kwamba yule mzee wa sura ya pili ni baba mdogo wa mhusika mkuu. Kama halimo kwenye maandishi, halimo. Mwandishi anapoanza kujieleza, wasomaji huacha kusema walichokisoma na kuanza kujibu alichokisema, na hapo faida ya kikao inapotea. Waandishi wa hadithi za kubuni za kisayansi waliokutana Milford, Pennsylvania, kuanzia 1956 waliifanya kanuni hiyo iwe rahisi zaidi kusimamia: kila mmoja kwenye duara hupewa dakika chache za kusema bila kukatizwa, na mwenye kazi hujibu mwishoni tu. Utaratibu huo ndio uliochukuliwa na warsha ya Clarion iliyoanza 1968, ambako mwandishi Octavia Butler alipitia mwaka 1970.

Ukimya una wakosoaji wake, na wana hoja. Mshiriki ambaye kikundi hakiujui ulimwengu wake hulazimika kukaa kimya huku akishauriwa afafanue unyago ni nini, apunguze majina yanayowatatiza wengine, au aondoe mzaha wa watani ambao msomaji wake halisi angeufurahia kuliko yote. Matthew Salesses na Felicia Rose Chavez, kila mmoja katika kitabu kilichotoka 2021, walilishambulia suala hilo moja kwa moja. Njia mbadala inayotumika sana haikubuniwa na mwandishi. Ni ya Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, aliyeianzisha 1990. Kwanza watazamaji au wasomaji husema kilichowagusa. Kisha mwenye kazi huwauliza maswali yake. Kisha wao humuuliza maswali yasiyobeba hukumu ndani yake. Mwisho hutoa maoni, tena baada ya kumwomba ruhusa. Kwa kikundi cha waandishi wachanga wa Kiswahili, ambamo heshima kwa mkubwa huweza kumziba mdomo kijana mbele ya mwalimu wake wa zamani, hatua hizi nne husaidia kuliko ukimya wa Iowa, kwa sababu kila mtu, awe mkubwa au mdogo, ana zamu yake na jambo la kusema.

Upande wa Kiswahili, kufundishana utunzi hadharani ni jambo la zamani kuliko vyuo hivyo. Malenga wa Mombasa wa karne ya 19, Muyaka bin Haji akiwa maarufu kuliko wote, walijibizana kwa mashairi, na kila jibu lilikuwa pia ukaguzi wa vina na mizani ya aliyetangulia. Kurasa za mashairi za Mambo Leo, gazeti lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, ziliendeleza mtindo huo kwa njia ya posta. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichoyaweka wazi mambo ambayo mwanafunzi wa malenga alikuwa akiyapata kwa kusikiliza na kukosolewa: vina vya kati na vya mwisho, mizani ya mshororo, kituo cha ubeti. Hicho ni kitabu cha ufundi kwa maana kamili. Nathari haikuwahi kupata kitabu chenye uzito huo, na huenda ndiyo sababu mtunzi wa mashairi ya Kiswahili kwa kawaida huweza kutaja kosa la mwenzake kwa jina, wakati mwandishi wa riwaya huishia kusema kazi "haijakaa vizuri".

Nathari ilipata mashindano. East African Literature Bureau, iliyoundwa 1948, iliendesha mashindano ya uandishi, na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa 1960, ilitokana na ushindi wa namna hiyo. Mkutano wa Makerere wa Juni 1962 unakumbukwa kama ubatizo wa fasihi mpya ya Afrika, na kisa chake kinachosimuliwa zaidi ni cha warsha hasa: mwanafunzi wa pale, James Ngugi, alimpa Chinua Achebe mswada ausome, nao ukatoka 1964 kwa jina la Weep Not, Child. Lakini sharti la kualikwa lilikuwa kuandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyefariki mwezi huohuo, hakuwa na nafasi pale, na baadaye Ngũgĩ mwenyewe alililalamikia hilo katika Decolonising the Mind (1986). Warsha zilizofuata katika eneo hili nazo kwa sehemu kubwa zilielemea Kiingereza, zikiwamo za FEMRITE, chama cha waandishi wanawake cha Kampala, na za Tuzo ya Caine. Kwa Kiswahili, kazi ya muda mrefu zaidi imefanyika kwenye vitabu vya watoto: Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, umewafunza waandishi pamoja na wachoraji na wachapishaji.

Kinachofanyika mezani huonekana vizuri zaidi kwenye aya moja. Tuseme mshiriki ameleta hadithi inayoanza hivi: "Salehe alikuwa ni mtu mwenye hasira sana. Siku hiyo alikuwa amekasirika kwa sababu mkewe alikuwa ameuza cherehani ambayo alikuwa amerithi kutoka kwa mama yake." Sarufi haina kosa. Msomaji wa kwanza atahesabu "alikuwa" nne ndani ya sentensi mbili na kusema kwamba mambo yote yamekwisha kutokea kabla hadithi haijaanza. Wa pili atasema hasira ametajiwa, hajaiona. Wa tatu, na huyu ndiye mwenye thamani kubwa, atauliza cherehani ilirithiwa na nani. Kiambishi a- hakitofautishi mume na mke, wala "yake" haisemi ni mama wa nani. Nusu ya chumba imesoma kwamba mali ni ya Salehe, nusu kwamba mke ameuza kilichokuwa chake. Hizo ni hadithi mbili tofauti, na mwandishi hakujua kwamba ameandika zote mbili.

Mshiriki akirudi kesho yake huenda akaleta hii: "Kwenye kona ilipokuwa cherehani ya marehemu mama yake, Salehe alikuta alama nne za miguu kwenye vumbi. Akazikanyaga moja moja, kisha akaulizia chakula." Mwenye mali anajulikana, hasira ipo bila kutajwa, na -ka- ya masimulizi inasukuma tukio mbele badala ya kulirudisha nyuma. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna aliyemwandikia sentensi hizo. Mwezeshaji mzuri huwazuia washiriki kusema "mimi ningeandika hivi" na huwataka waseme "hapa nilipotea", "hapa nilirudia kusoma", "hapa nilitaka kujua zaidi". Wasomaji karibu kila mara wako sahihi kuhusu mahali penye tatizo, na mara nyingi hukosea kuhusu dawa yake.

Vipo ambavyo warsha haiwezi. Riwaya ya kurasa mia tatu haisomeki kwa vipande vya kurasa kumi kila wiki mbili. Kikundi husahau nani alikufa sura ya tatu na huishia kusifu sentensi. Vikundi pia huzaa ladha ya pamoja, kazi zote zikaanza kufanana, zenye makali zikalainishwa ili zipite bila ubishi. Tena kuna waandishi wanaojifunza utamu wa kukosoa kuliko kazi ya kuandika.

Zana huingia baada ya maoni, wakati wa kuandika upya, na ya kwanza haigharimu kitu: sauti. Kusoma mswada kwa sauti, au kujirekodi kwa simu na kusikiliza huku kalamu iko mkononi, huibua marudio, sentensi zisizo na pumzi na mazungumzo ambayo hakuna mtu angeyatamka. Kinachofuata ni kamusi, na inafaa kuwa zaidi ya moja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mara ya kwanza 1981 na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya 2015 hazikubaliani katika kila neno, na mwandishi anayetaka msamiati wa Pemba, Lubumbashi au vijiwe vya Nairobi atalazimika kwenda mbali zaidi ya zote mbili.

Programu za kuandikia zinahitaji maelezo zaidi, maana zimetengenezwa kwa kuzingatia lugha nyingine. LibreOffice, isiyolipiwa, ina kikagua tahajia cha Kiswahili. Mtangulizi wake, OpenOffice, ilipata toleo la Kiswahili kamili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004 kwa juhudi za wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hatua ya kwanza ya mwandishi ni kuweka lugha ya waraka kuwa Kiswahili. Asipofanya hivyo, ukurasa mzima utapigwa mistari myekundu, na masahihisho ya kujiendesha yatageuza maneno bila kuuliza. Hata baada ya hapo, kikagua tahajia huchoka haraka. Kitenzi kimoja cha Kiswahili huzaa maumbo maelfu, "hawakumsikiliza" na "wasingalimsikiliza" yakiwa mawili tu kati yake, na hakuna orodha inayoyatosheleza. Ndiyo maana watafiti kama Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyeanza kuunda mfumo wa SALAMA mwaka 1985, walichagua kuchambua viambishi badala ya kuorodhesha maneno. Zaidi ya hayo, kosa likizaa neno halali halionekani: mhusika akienda kituoni "kupiga kula", mashine itamruhusu apite.

Amri ya kutafuta na kubadilisha ni msaada mkubwa wa mwandishi wa riwaya, na ni hatari kuliko zote kwa mwandishi wa Kiswahili. Tuseme mhusika Ali amebadilishwa jina na kuwa Omari. Mwandishi anabonyeza kubadilisha kote, na papo hapo "alikuja" imekuwa "Omarikuja", "aliyemwona" imekuwa "Omariyemwona", na "mali" ya urithi imekuwa "mOmari". Kuchagua kulinganisha herufi kubwa na ndogo hakutoshi, kwa sababu sentensi nyingi huanza na "Alikuja" yenye A kubwa. Dawa ni kuchagua maneno mazima tu, tena kwenye nakala ya pili ya faili. Amri hiyohiyo ikitumiwa kutafuta bila kubadilisha hufaa kuhesabu tabia za mwandishi: "sana", "kwamba", "ambaye", "ghafla", "alikuwa". Wengi hushtuka.

Kipengele cha kufuatilia mabadiliko, pamoja na maoni ya pembeni, ndicho kilichohamishia warsha kwenye faili. Msomaji hufuta na kuongeza, kila badiliko likabaki na jina lake, na mwandishi hukubali au hukataa moja moja. Tahadhari ni kutobonyeza kukubali yote, kosa linalofanywa na mtu aliyechoka. Scrivener, ya kulipia, huwafaa wanaoandika vitabu virefu kwa vipande na kuvipanga upya. Mwenye hadithi fupi haihitaji. Programu za akili mnemba zinaweza kuorodhesha wahusika, kukagua kama macho ya Bi Mwanaidi yamebadilika rangi kati ya sura ya kwanza na ya tisa, au kutoa muhtasari wa kuanzia. Zikiachiwa kuandika aya, mara nyingi hutoa Kiswahili cha taarifa ya habari, bila lafudhi ya mtu yeyote. Na pale umeme unapokatika bila taarifa, uhifadhi wa kila dakika chache, nakala kwenye flashi na nyingine mtandaoni hutangulia programu zote. Kila toleo lipewe tarehe ndani ya jina la faili, kwa sababu "ya mwisho", "ya mwisho kabisa" na "ya mwisho hii sasa" hazipangiki.

Warsha ikiisha, kikundi kinachodumu kwa kawaida ni kile kilichokubaliana mambo matatu kabla ya kuachana: kukutana mara moja kwa mwezi, miswada miwili tu kwa kikao, na kurasa kutumwa wiki moja kabla. Baada ya mizunguko kadhaa ya namna hiyo mswada huandaliwa kwa mchapishaji: mistari iliyoachana, kurasa zenye namba, jina la mwandishi na la kazi juu ya kila ukurasa, muhtasari wa ukurasa mmoja unaoeleza hadi mwisho wa kisa bila kuficha, na barua fupi inayosema kazi inamlenga msomaji wa umri gani. Kwa kuwa wachapishaji wengi wa Kiswahili hutegemea soko la shule, swali hilo la umri ndilo wanalolitazama mapema.