Je, Wajua? Kwa Nini Tunasema "Tumeshinda"

Je, wajua kwamba wanasaikolojia hupima jinsi mtu anavyojithamini kwa kauli 10 tu? Zilitungwa na Mmarekani Morris Rosenberg mwaka 1965. Mwaka 2005 David Schmitt na Jüri Allik walichapisha majibu ya watu karibu 17,000 wa mataifa 53, Tanzania ikiwemo, na kote wastani uliegemea upande wa kujikubali. Ila dodoso hilo halimuulizi mtu ni wa timu gani, na Kariakoo, Dar es Salaam, hilo si swali la kuruka.

Klabu ya Yanga ilizaliwa 1935. Mwaka uliofuata ikazaliwa klabu iliyokuja kuitwa Sunderland, na kuanzia 1971, Simba. Moja iko Jangwani, nyingine Mtaa wa Msimbazi, mwendo mfupi wa miguu. Pita hapo asubuhi baada ya mechi yao: msukuma mkokoteni kavaa jezi juu ya shati la kazi, muuza kahawa anagonganisha vikombe, na mtu ambaye hajagusa mpira tangu shule ya msingi anatangaza, "Jana tumewafunga!"

Robert Cialdini na wenzake walilichunguza jambo hilo Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 1976. Jumatatu baada ya timu ya chuo kushinda, wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye jina la chuo chao. Walipoulizwa kwa simu, timu yao ikishinda ilikuwa "sisi", ikifungwa ikawa "wao". Linalonigusa zaidi ni hili: walioambiwa kwanza kwamba wamefanya vibaya kwenye jaribio dogo ndio waliong'ang'ania "sisi" ya ushindi kuliko wengine. Aliyeumia anatafuta pa kujishikiza, na hakuna aibu katika hilo.

Lakini mpenzi wa kindakindaki hakimbii. Daniel Wann na Nyla Branscombe walilionyesha mwaka 1990, na Kariakoo ilikuwa inalijua zamani. Yanga walipigwa na Simba 6-0 mwaka 1977, Simba wakala 5-1 Novemba 2023, na kesho yake waliofungwa walifika kijiweni kama kawaida. Naamini utani ndio unaowabeba. Mtani akikuzomea mbele ya watu huku akikulipia kahawa, unajua bado una nafasi yako kwenye benchi.

Wala kundi la kujishikiza si la mpira tu. Je, wajua Bibi Titi Mohamed, mpigania uhuru wa Tanganyika, alijulikana mjini kwa sauti kabla ya siasa? Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama cha TANU mwaka 1955, alianzia kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam. Hawa walikuwa wanawake ambao serikali ya kikoloni haikuwahesabu popote, lakini kwenye vikundi vyao walishazoea kuchaguana, kukusanya michango na kusikilizwa.