Kitenzi "Zidi" katika Hesabu za Maneno

Mtoto wa mitaa ya Eastlands, Nairobi, tuseme Kaloleni au Jericho, hutumwa dukani na mbao, yaani shilingi 20, akanunua maandazi ya ashu, yaani shilingi 10, akarudi na chenji kamili. Darasani mtoto huyohuyo huelezwa: "Asha ana vizibo 8. Amemzidi Juma kwa vizibo 3. Juma ana vingapi?" Hujibu 11. Kosa hili ni la lugha kuliko la hesabu. Amesikia zidi, akajumlisha, ilhali kiima cha kitenzi hicho ni Asha, na idadi inayotafutwa ni ya yambwa, Juma. Mazoea ya kukaririsha kwamba zidi ni kujumlisha na baki ni kutoa ndiyo yanayomponza. Afadhali mwalimu alisimulie swali kwanza bila tarakimu, aulize ni nani mwenye vingi, kisha vizibo vya soda vipangwe safu mbili sambamba; pengo katika safu ya Juma litaonekana. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa matatu ya mwanzo. Hapa lugha hiyo ni Kiswahili, tena chenye Sheng' ndani yake, na mtoto anayelirudia swali kwa Sheng' kabla ya kuliandika kwa Kiswahili sanifu hajakosea.